Kiti cha Hajati Kilichojifunza Kupanda Ngazi

Mara ya kwanza nilipomwona Hajati alikuwa anafanya biashara kutoka juu. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kwenye roshani ya ghorofa yake, barabara ya kwenda mpakani ikipita mbele yake, na duka lake la vitenge liko wazi chini ya miguu yake. Wanawake watatu kutoka upande wa Kongo walikuwa wamesimama mlangoni, shingo zimeinuka. Binti yake alikuwa anakunjua kitenge kimoja baada ya kingine na kukinyoosha juu ya kichwa ili mama akione.

"Ile hapana!" Hajati alipiga kelele. "Ile iko na maua. Mi nasema ile ya ndege! Mutu anataka ndege, wewe unamupa maua?"

Kitenge cha ndege kikapatikana. Kikapu kikashuka kwa kamba, kitenge kikawekwa ndani, kikapu kikapanda. Hajati akakisugua kitambaa kati ya vidole viwili, akakinusa, akatikisa kichwa kukubali, kikapu kikashuka tena. Wateja walikuwa wameshazoea. Mimi ndiye niliyesimama pale na mkoba wangu wa spana, nimesahau kilichonileta Bwera.

Kilichonileta ni mota ya pampu ya maji iliyoungua. Binti alinipandisha juu mpaka kwenye tangi, na nilipopita sebuleni Hajati akageuka.

"Fundi iko wapi?"

"Ni mimi, Hajati."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani.

"Wewe mwanamuke?"

"Ndiyo."

"Muzuri. Wanaume beko wanaharibu vitu, halafu wanasema umeme iko mubaya."

Pampu niliimaliza mapema. Chai ndiyo iliyochukua muda, maana Hajati hakuniachia niondoke bila kunywa, na kwenye chai ndipo nilipojua kwa nini duka linaendeshwa kwa kamba. Alikuwa amepigwa na kiharusi. Alilazwa hospitali ya hapohapo Bwera, akapona kwa awamu: mdomo kwanza, alisema mwenyewe, kwa sababu ndio wenye kazi nyingi, kisha mkono, mguu wa kushoto ukabaki nyuma. Nyumba ilikuwa na ngazi moja tu ya ndani, ya saruji, vidato kumi na sita, imenyooka kati ya kuta mbili kutoka nyuma ya duka hadi mlango wa sebule. Mwanzoni wanawe wa kiume walikuwa wanambeba asubuhi kumshusha na jioni kumpandisha. Siku moja, mbele ya wateja, mtandio ukamwanguka akiwa mikononi mwao, na mguu mmoja ukabaki unaning'inia bila kiatu.

"Nikawaambia basi. Mi siyo gunia ya simenti."

Tangu siku ile ilikuwa imepita miezi minne na hakuwa ameshuka hata mara moja. Walimwambia watamwekea kitanda chini, akakataa. Chini ni stoo, hakuna dirisha. Juu ndiko kuliko na kitanda chake, msala wake, na roshani inayomwonyesha nani amevuka mpaka leo na nani hajavuka.

Nikamsikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ngazi. Mlango ulikuwa wazi na niliweza kuona vidato vyote mpaka chini. Bila kujijua nilikuwa nimeshaanza kuvihesabu.

"Wewe," Hajati alisema, "unaangalia ngazi yangu kama unataka kuinunua."

Lazima niseme hapa mimi ni nani, ili isionekane kama nilipata wazimu wa ghafla. Mimi ni mtoto wa kambini. Baba yangu alikuwa askari kutoka West Nile, mama yangu Mkonzo wa vilima vya Kyondo, na lugha pekee waliyoweza kupendana nayo ni Kiswahili, basi kikawa lugha ya nyumba yetu. Nilisoma mambo ya umeme Kampala, nikafanya kazi miaka mingi kwenye kampuni inayofunga lifti katika majengo marefu. Kazi yangu ilikuwa ni bodi: ule ubao wa saketi unaoiambia mota ianze lini, iende kasi gani, isimame wapi. Halafu nikachoka na Kampala, nikarudi Kasese, nikafungua karakana ya kutengeneza pampu, mashine za unga na mashine za kukoboa kahawa. Nilikuwa naiambia nafsi yangu kwamba lifti sizikumbuki. Sikuwa nasema kweli.

Nikamweleza Hajati kwamba duniani kuna viti vinavyopanda ngazi. Reli inafungwa kwenye vidato, kiti kinakaa juu ya reli, mota inakisukuma. Binti akasema wanajua. Kaka yake aliuliza kwa watu wanaoviagiza kutoka nje, akaambiwa kila kikiharibika fundi atatoka ng'ambo, na vipuri pia.

"Na umeme ikienda?" Hajati aliuliza. "Nitakaa kati-kati kama kuku mu mti?"

"Kitakuwa na betri, Hajati. Kitashuka hata umeme ukiwa hakuna."

"Wewe unaweza?"

Nilijibu ukweli. "Bodi ya kuendesha mota naweza. Reli na kiti nahitaji mtu wa chuma."

"Basi tafuta mutu ya chuma."

Mtu wa chuma nilikuwa namjua tangu nikiwa na meno ya maziwa. Alikuwa sajini mstaafu, rafiki wa baba yangu, aliyetengeneza magari ya jeshi maisha yake yote na sasa alikuwa anachomelea mageti Kasese, si mbali na kambi. Kila mtu alimwita Afande na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Nilimkuta amevaa miwani yake myeusi ya kuchomelea, akanipa amri kabla ya salamu.

"Simama hapo! Usiangalie moto."

Nikasimama. Alipomaliza nikamweleza. Hakucheka hata kidogo.

"Nani anapanda?"

"Mama mmoja wa Bwera, Afande."

"Kilo ngapi?"

"Sikumwuliza."

"Injinia gani asiyejua mzigo? Piga simu. Sasa hivi."

Nikapiga. Nikamwuliza Hajati, kwa heshima zote nilizofundishwa na mama yangu, ana kilo ngapi. Nikasikia anamfukuza binti yake sebuleni.

"Andika gunia mbili ya kahawa," alisema hatimaye. "Na usimwambie mutu."

Afande aliyekuwa ameweka sikio karibu na simu akageuka upande wa ukuta, mabega yakimtetemeka.

Tukaanza. Mota ilitoka kwenye kiti cha magurudumu cha umeme, kikuukuu, nilichokipata Kampala. Niliipenda kwa sababu ya breki yake. Breki ile haishiki kwa umeme, inaachia kwa umeme. Ndani mna springi inayobana muda wote, na ni mpaka umeme ufike ndipo inalegea. Maana yake waya ukikatika, betri ikifa, dunia ikizimika, kiti kinabaki palepale kilipo. Kwa mtu atakayekaa juu ya vidato kumi na sita vya saruji, sikutaka kuanza na kitu kingine chochote. Njia ya kupandia ilikuwa wazo la Afande. Bwera na Kasese zimejaa bodaboda, na palipo na bodaboda pana cheni. Alikaza cheni ya pikipiki kwenye reli kutoka chini hadi juu, na mota ikawa na gia ya meno inayotembea juu ya cheni hiyo, jino kwa jino, kama mtu anayepanda kamba kwa mikono. Chini ya kiti akaongeza kishikio cha pili cha chuma, kisicho na umeme wowote, cha kuuma reli kiti kikikimbia zaidi ya inavyotakiwa.

"Bodi yako nakuamini," aliniambia. "Lakini chuma naamini zaidi."

Nyuma ya karakana yake alichomelea ngazi ya mazoezi ya vidato kumi na sita, mwinamo uleule wa Bwera, akaiegemeza kwenye mnara wa tangi la maji. Majirani waliuliza inakwenda wapi. Aliwajibu kwamba ni siri ya kijeshi.

Mimi mwanzoni nilikosea. Nilifanya kama nilivyozoea kwenye majengo marefu: bodi nikaiweka kwenye sanduku ukutani, chini, na nyaya ndefu zikawa zinakifuata kiti kikipanda na kushuka. Kwenye jengo la ghorofa kumi kuna shimo la lifti na nyaya zina nafasi yao. Kwenye ngazi ya nyumba ya mtu nyaya zinanasa kwenye reli, zinakanyagwa, zinavutwa. Na urefu wake ulileta ugonjwa mwingine. Kwenye mota kuna kihesabu kidogo kinachohesabu mizunguko, na kwa hesabu hiyo bodi inajua kiti kiko kidato cha ngapi. Hesabu ikisafiri waya mrefu kando ya nyaya za mota, inapotea njiani. Kiti kikawa kinadhani kiko juu wakati kiko katikati.

"Hii waya," Afande alisema, akiishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya, "itaua mtu."

Basi nikavunja kila kitu nikaanza upya. Bodi, kihesabu, breki na mota vyote nikaviweka mahali pamoja, ndani ya gamba moja, bodi imefungwa mgongoni mwa mota yenyewe. Betri mbili chini ya kiti. Hakuna waya hata mmoja unaotoka kwenye kiti kwenda popote; kikifika mwisho wa reli, juu au chini, kinagusa vipande viwili vya shaba na kuanza kuchaji. Nilijivunia sana mpaka saa sita mchana ilipofika. Jua la Kasese saa sita halina utani, na mota ina joto lake, na bodi ina joto lake, na mimi nilikuwa nimewafungia wote chumba kimoja. Niligusa gamba nikarudisha mkono haraka.

Afande akalichukua, akapanda bodaboda, akaenda nalo mjini kwa mzee anayeyeyusha alumini na kumimina sufuria. Jioni alirudi na mfuniko mpya wa alumini wenye mbavu nyingi nyembamba, bado una mchanga wa kalibu kwenye pembe. Nikapanga vipande vya bodi vinavyochemka vilalie mfuniko huo moja kwa moja, na mbavu zikautoa moto nje. Kesho yake saa sita niliweka kiganja changu pale nikakiacha.

Siku ya jaribio la kwanza la mzigo tulipakia magunia mawili ya kahawa kwenye kiti, moja juu ya lingine, kwa heshima ya siri ya Hajati. Afande alirudi nyuma hatua tatu, mikono mgongoni.

"Endelea."

Nikabonyeza. Kiti kikarudi nyuma kidogo, upana wa kidole tu, kisha kikaruka kama mbuzi aliyechomwa mwiba. Gunia la juu likapaa. Lilitua kwenye kidato cha tatu, likapasuka, na kahawa ikamwagika uani kote, chini ya meza, ndani ya viatu vya Afande. Kuku wa jirani wakaja kuangalia, wakaonja, wakaondoka hawajafurahi.

Tulitazamana. Nilidhani atanifokea. Badala yake alikaa chini juu ya kahawa akacheka mpaka akavua miwani.

"Huyo ni Hajati!" alisema. "Umemrusha Hajati!"

Tuliokota punje mpaka alasiri. Kwa siku tatu nilipunguza namba: nguvu kidogo, kasi kidogo, taratibu zaidi. Kiti kiliendelea kurudi ule upana wa kidole kabla ya kuondoka, na kila kikirudi, kilipoondoka kilishtuka. Namba zangu zote zilikuwa sahihi kwenye karatasi.

Siku ya nne nikaenda Kyondo kumwona mama mdogo, nikachukua bodaboda. Barabara inapanda kwa ukali kati ya migomba na mashamba ya kahawa, na kwenye kona moja lori lililojaa matoke lilikuwa linashuka, tukasimama kulipisha. Tulikuwa kwenye mwinuko mkali na nyuma yetu ni korongo. Nikajiandaa kuruka, maana nilijua tukiondoka tutarudi nyuma kwanza.

Hatukurudi. Dereva alishika breki, akaongeza moto, akaanza kuachia klachi polepole mpaka pikipiki ikajikaza na kutetemeka chini yetu, kama mnyama aliyefungwa. Ndipo akaachia breki. Tukaondoka kama maji.

"Simama!" nikamwambia. "Fanya tena."

"Dada, kuna shida?"

"Hakuna. Simama, halafu uondoke kama ulivyoondoka."

Alifanya tena. Nikamwomba mara ya tatu nikiwa nimeshuka, nikichungulia mkono wake na mguu wake. Akaniuliza kama najifunza kuendesha.

"Hapana," nikasema. "Najifunza kuondoka."

"Aa. Hiyo ni rahisi. Ukiachia breki kwanza, utarudi. Iache ivute kwanza, uisikie imekaza, imebeba mzigo. Halafu ndiyo unaachia."

Nilikuwa nimefanya kazi ya lifti miaka yote ile, na lifti kubwa zinafanya hivyohivyo, lakini zilikuja kutoka kiwandani zikiwa zinajua tayari. Mimi nilikuwa sijawahi kuifundisha mashine kuanzia mwanzo kabisa. Bodi yangu ilikuwa inafungua breki na kuiamuru mota kwa wakati mmoja. Katika ule muda mfupi kuliko kope kufumba, hakuna aliyeshika mzigo. Nilifika kwa mama mdogo nikamwamkia, nikafungua kompyuta kwenye baraza yake hata maji ya kunywa sijapokea. Alimwambia jirani kwa Lhukonzo kwamba mtoto wa dada yake amesoma sana, tumwombee.

Niliandika upya ule mpangilio. Mota ivute kwanza, breki ikiwa bado imebana. Bodi ipime umeme unaokwenda kwenye mota, ijue kwamba mzigo umeshikwa. Hapo ndipo breki ilegee. Na wakati wa kusimama, kinyume chake: punguza kasi, simama, shikilia, breki ibane, halafu mota ipumzike.

Kesho yake tulirudisha magunia kwenye kiti. Afande akaleta kikombe chake cha chai, kimejaa mpaka ukingoni, akakiweka juu ya gunia.

"Endelea."

Kiti kikajikaza. Kikaondoka. Kikapanda vidato vyote kumi na sita, kikapunguza mwendo chenyewe kidato kimoja kabla ya mwisho, kikasimama juu kando ya mnara wa tangi. Kikashuka. Afande akakiinamia kikombe kama anakagua bunduki. Chini yake gunia lilikuwa kavu. Akakiinua, akanywa chai yote, akafuta mdomo.

"Toa kahawa," alisema. "Nipande mimi."

Alipanda na kushuka mara nne, mgongo umenyooka, mikono kwenye magoti. Alisema anakagua. Mara ya nne nilimwona anatabasamu peke yake kule juu, akiangalia mabati ya Kasese na milima nyuma yake, akidhani simwoni.

Tulipeleka kiti Bwera kwa pikapu, tukakifunga kwa siku mbili. Habari ilikuwa imetangulia. Siku ya kukiwasha ilikuwa siku ya soko, na nyuma ya duka palijaa watu: wateja, wabadilisha fedha waliofunga vibanda vyao kwa muda, madereva wa bodaboda waliotaka kuona cheni yao imefanywa nini. Hajati alikuwa juu kwenye mlango wa sebule, amevaa gauni la dhahabu na mtandio mweupe uliobanwa kwa pini nyingi.

"Panda wewe kwanza," aliniamuru.

Nikapanda. Akamwambia na Afande apande. Afande akapanda. Kisha akamwuliza binti yake ni dua gani inasomwa kwa safari ya kushuka ngazi, binti akasema hajui, basi akasoma ya safari yoyote. Alikaa. Nikamfunga mkanda, nikamwonyesha kishikio: ukikisukuma mbele kiti kinashuka, ukikiachia kinasimama.

"Bismillahi," akasema, akasukuma.

Ilisikika sauti ya cheni tu, tik, tik, tik, na Hajati akashuka kuelekea kwetu na gauni lake la dhahabu, uso mkali kama anayekuja kutupiga. Alipofika katikati kiti kikasimama.

Nikaruka vidato viwili viwili.

"Hajati, kuna nini? Umesikia kitu?"

"Nyamaza," alisema kwa sauti ndogo. "Niko naangalia duka yangu."

Nikageuka. Kutoka pale, kupitia mlango wa nyuma, duka lote lilionekana: rafu mpaka dari, vitenge vimekunjwa, mistari ya rangi, mwanga wa barabara umeingia hadi kwenye meza. Miezi yote hiyo alikuwa amelisikia chini yake, hajaliona. Macho yake yalitembea rafu kwa rafu. Nikadhani atalia, nikaanza kutafuta leso.

Kisha akavuta pumzi.

"Nani alihamisha vitenge ya harusi akaweka pale?"

Duka zima likaangua kicheko. Binti akafunika uso. Mwanamke mmoja wa Kongo akapiga kigelegele, wengine wakapokea, mmoja akapaza sauti, "Mama, leo uko mu avion, mu ndege!" Hajati akasukuma kishikio akamaliza safari yake. Chini alishika mkono wangu upande mmoja na fimbo upande mwingine, akaenda moja kwa moja kwenye ile rafu, akagusa kitambaa cha kwanza kwa kiganja kizima. Akakaa nyuma ya meza yake. Wateja wakapanga foleni wenyewe.

Mimi nilitaka kumwomba radhi kwamba kiti kinakwenda taratibu, nikaahidi naweza kuongeza kasi.

"Haraka ya nini?" alisema. "Punguza. Mutu akishuka wamuone."

Nikapunguza.

Wiki chache baadaye binti akanipigia simu kwamba kiti kimegoma. Niliondoka Kasese palepale, njia nzima nikiwaza ni breki, ni betri, ni kosa langu. Kufika, nikaunganisha kompyuta kwenye bodi. Nilikuwa nimeipa bodi kumbukumbu, inaandika kila safari na uzito wake, kwa sababu fundi mwenye busara hamwulizi mtu, anauliza mashine. Jana yake peke yake kiti kilikuwa kimepanda na kushuka mara arobaini na moja. Safari nyingi zilikuwa na uzito wa magunia matatu, si mawili, na mwishowe bodi ikakataa.

"Hajati, jana ulipanda mara ngapi?"

"Mara mbili. Tatu, kama chai iko."

"Na nani alikuwa anapanda mara hizo nyingine?"

Hajati alianza kunyoosha mtandio wake. Binti aliangalia dari. Nikainama chini ya kiti nikatoa uzi wa katani, ule unaofungia marobota ya vitenge.

"Mashine imenishitaki?" Hajati aliuliza.

"Imekushitaki, Hajati."

"Stoo imejaa, tunapandisha marobota juu, na ni mazito," alisema kwa huzuni. "Watoto yangu banaumwa mugongo. Na kiti iko imekaa bure siku yote."

Sikuweza kumkasirikia. Afande alikuja akawafungia kapi ya kuvutia marobota kupitia dirisha la nyuma la ghorofani, na mimi nikaweka mlio mdogo: uzito ukizidi, kiti hakiendi, kinalia mara mbili, kwa adabu. Mlio wa adabu ulikuwa sharti lake. King'ora hakutaka, alisema hawezi kufokewa na kiti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mwaka huu alinipigia tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeficha kitu.

"Injinia, kiti iko inajua kusimama kati-kati yenyewe?"

"Kinajua, Hajati. Kinahesabu. Kwa nini?"

"Kuja."

Nilipofika nilimkuta chini ya ngazi, amesimama, fimbo mkono wa kulia. Kumbe kila wiki alikuwa anakwenda hospitali kwa dada wa mazoezi, na dada huyo amemwambia mguu umeanza kusikia, uanze ngazi, vidato vichache tu, kisha upumzike. Hajati alikuwa amepiga hesabu yake. Alitaka kupanda vidato vinne kwa miguu, na kiti kishuke kimpokee hapo, kimchukue vilivyobaki.

Lilikuwa jambo dogo. Niliongeza kituo kimoja kwenye hesabu, na kitufe kwenye ukuta, chini, usawa wa mkono wake. Nilijaribu mara tatu bila mtu. Kisha akasema tusimame nyuma yake wote wawili, mimi na binti, lakini tusimguse.

Akashika ukuta. Kidato cha kwanza. Cha pili. Mguu wa kushoto ulikuwa unachelewa, anausubiri, unakuja. Cha tatu alipumua kwa kelele na binti akanyoosha mikono, akaambiwa airudishe. Cha nne akasimama, jasho limemtoka usoni.

Nikabonyeza kitufe. Juu kabisa kiti kikajikaza, kikaondoka, kikaanza kushuka kumfuata. Hajati alikitazama kikija, kidato kwa kidato, mpaka kikasimama mbele ya magoti yake. Hakukaa.

"Injinia," alisema bila kugeuka, "uliandika ngapi?"

"Nne, Hajati."

Aliweka fimbo kwenye kidato kinachofuata, akaupima urefu wake.

"Andika tano."

Nikakaa palepale kwenye kidato cha kwanza, nikafungua kompyuta magotini, nikaandika.